Marobota Yaliyorudi Kassel

Katika bustani ya Karlsaue, mjini Kassel, Ujerumani, kuna uwanja mpana wa nyasi mbele ya jumba liitwalo Orangerie. Jumba hilo lilijengwa mwanzoni mwa karne ya 18 kwa amri ya Karl, mtawala wa Hessen-Kassel, na moja ya kazi zake ilikuwa kuhifadhi michungwa na mindimu wakati wa baridi kali. Miti hiyo ya nchi za joto ilikuwa fahari ya makasri ya Ulaya. Kuanzia tarehe 18 Juni hadi 25 Septemba mwaka 2022, aliyeteremka kwenye uwanja huo alikuta marobota ya mitumba. Yalikuwa yamepangwa moja juu ya jingine hadi yakawa kuta za nyumba. Mengine, ya mabaki ya vifaa vya umeme na taka nyingine, yalitapakaa nyasini kana kwamba lori limepita na kuyamwaga.

Kazi hiyo iliitwa Return to Sender, maneno ambayo posta huyagonga juu ya kifurushi kinachopaswa kurudi kilikotoka. Walioisimamisha ni The Nest Collective, kundi la wasanii wa Nairobi lililoanza mwaka 2012. Miongoni mwao wamo Jim Chuchu, mtengenezaji wa filamu na mpiga picha. Njoki Ngumi, mwandishi aliyesomea udaktari. Na Sunny Dolat, mtu wa mavazi na mitindo ambaye mwaka 2017 alitoa kitabu kiitwacho Not African Enough, kuhusu wabunifu wa Kenya waliochoka kuambiwa kwamba nguo zao hazina Uafrika wa kutosha. Walialikwa documenta, maonyesho ya sanaa yaliyoanza Kassel mwaka 1955 na ambayo siku hizi hufanyika kila baada ya miaka mitano, kwa siku 100. Kwa maonyesho ya mwaka 2022 uratibu ulikabidhiwa ruangrupa, kundi la wasanii kutoka Jakarta, nao wakaalika zaidi vikundi kama vyao, vya watu wanaofanya kazi pamoja mbali na masoko makubwa ya sanaa ya Ulaya na Marekani.

Hii ndiyo sanaa ya usimikaji. Msanii hatundiki picha ukutani ili uitazame kwa mbali. Anajenga mahali, nawe unaingia kwa miguu yako. Ili kuiona filamu waliyoiandaa The Nest Collective, mgeni wa Kassel alilazimika kupita katikati ya marobota na kukaa ndani yake, nguo zikiwa kulia, kushoto na nyuma ya mgongo. Filamu yenyewe ina Wakenya wanaozungumza juu ya mitumba: biashara yake, uchafu inaouacha, viwanda vilivyokufa, na heshima ya mtu anayevaa kilichokwisha kuvaliwa. Waliotazama wengi walikuwa Wazungu. Huenda mmoja wao alikaa hatua mbili tu kutoka kwenye shati alilolitoa sadaka mwaka mmoja nyuma.

Kwa maoni yangu, katika kazi nyingi za sanaa zinazohoji nani ameshika mpini wa uchumi wa dunia, hii imefanya jambo ambalo sisi wenyewe tumeshindwa kulifanya katika miaka yote ya kujadili mitumba. Mjadala wetu huanza na kuishia kwa mnunuzi na muuzaji. Kwa nini unavaa nguo ya mtu mwingine? Kwa nini unaua viwanda vya nchi yako kwa kuuza kibandani? Mbunge anamhoji mama wa soko, mwanauchumi anamhoji kijana wa chuo aliyenunua jinzi kwa bei ya chai na maandazi. Anayefunga robota hatajwi. Pale Kassel ndiye alitajwa, tena akaletewa mzigo hadi mlangoni.

Ni vizuri kuifuata safari ya robota taratibu, maana siri ya mambo yote imo humo.

Inaanza kwa tendo jema. Mtu wa Hamburg au Manchester anafungua kabati, anatoa nguo asizozivaa tena, anazitia kwenye mfuko na kuupeleka kwenye kasha la chuma lililosimama kando ya barabara, lenye nembo ya shirika la hisani. Anarudi nyumbani moyo wake mweupe. Lakini sehemu kubwa ya nguo zinazoingia kasha lile haigawiwi bure kwa mtu yeyote. Inauzwa kwa tani kwa makampuni ya ukusanyaji, nayo huipeleka kwenye viwanda vya kuchambulia. Kimoja cha vikubwa zaidi barani Ulaya kilijengwa Wolfen, mashariki mwa Ujerumani, mwendo wa saa chache kwa gari kutoka Kassel. Humo wafanyakazi husimama kwenye mikanda inayotembea, wakitupa kila nguo kwenye kundi lake. Zilizo bora kabisa hubaki hukohuko na kuuzwa ghali kwa vijana wanaopenda fasheni za zamani. Zinazofuata huenda Ulaya ya Mashariki. Zilizochakaa mno hukatwa matambara ya kufutia mashine, au husagwa zikawa za kujazia magodoro na viti vya magari. Kundi kubwa la katikati hushindiliwa kwa mashine, likafungwa kwa nailoni na mikanda, likapakiwa kwenye makontena. Baadhi hupita Falme za Kiarabu au Pakistan, zikachambuliwa tena, kabla ya kushuka Mombasa na Dar es Salaam.

Robota la kawaida katika soko la Gikomba, Nairobi, lina kilo 45. Anayelinunua hulinunua limefungwa. Anachokiona ni karatasi inayosema kuwa ndani mna mashati ya wanaume, au sweta za watoto, au mashuka. Analipa kwanza, mara nyingi kwa pesa za chama au za mkopo, kisha hamali anamsukumia mkokoteni hadi kibandani, ndipo anakata mikanda. Ndani ya dakika chache anajua mwezi utakwendaje. Zikitoka kamera, nguo safi za daraja la kwanza ambazo wateja hugombea asubuhi ile ile, kodi ya nyumba imepatikana. Zikitoka fagia, zile zenye madoa, mipira iliyolegea na zipu zilizong'oka, atazimwaga chini na kuziuza kwa bei ya kutupa, na nyingine hazitanunuliwa hata kwa bei hiyo. Hakuna dirisha la kurudisha. Hakuna mtu wa kumpigia simu kule Wolfen au Falme za Kiarabu.

Hapo ndipo nguvu za uchumi wa dunia zinapoonekana kwa macho makavu. Aliye juu anauza kitu alichokwisha kukichambua mara mbili tatu, tena akachukua kilicho bora. Aliye chini anakilipia kitu ambacho haruhusiwi kukiona. Faida ya kujua iko upande mmoja, hasara ya kutojua iko upande wa pili. Tumezoea kuliita jambo hili bahati ya soko. Mimi naliita mamlaka, na nadhani ndiyo maana marobota ya Kassel, kwa jinsi yalivyofungwa, yalikuwa na uzito kuliko hotuba yoyote. Mgeni aliyezoea kushika nguo dukani, kuipima na kuirudisha isipomfaa, alisimamishwa mbele ya mzigo uliofungwa kama anavyosimama mama wa Gikomba.

Takwimu za biashara hii ni kubwa, na zina ubishi ndani yake. Mwaka 2019 Kenya iliingiza takriban tani 185,000 za nguo za mitumba. Ripoti ya Changing Markets Foundation iliyotolewa mwaka 2023 ilikadiria kwamba mwaka 2021 nguo zilizotumwa Kenya zilizidi vipande milioni 900. Greenpeace nao, mwaka 2022, walikadiria kuwa asilimia 30 hadi 40 ya mitumba haina thamani yoyote sokoni, yaani ni taka zilizolipiwa nauli. Vyama vya wafanyabiashara wa mitumba vinayapinga vikali makadirio hayo na kusema kwamba taka ni sehemu ndogo sana, kwani hakuna mtu mwenye akili zake anayeagiza takataka kwa pesa zake. Hoja hiyo ina nguvu. Lakini anayeagiza ni mwingine na anayefungua ni mwingine, na ukipita kwenye kingo za Mto Nairobi nyuma ya Gikomba utaona matabaka ya vitambaa yaliyoshikamana na udongo hadi yamekuwa sehemu ya ukingo wenyewe. Zinazozolewa huishia Dandora, jaa lililofunguliwa mwaka 1975 na kutangazwa kuwa limejaa mwaka 2001, na ambalo hadi leo linaendelea kupokea. Poliesta haiozi. Zamani nguo kuukuu ilikuwa pamba na sufu. Leo nyingi ni plastiki iliyofumwa, na ikichomwa moshi wake ni wa plastiki.

Na viwanda je? Hapa nataka kusema kwa uangalifu, maana watu hupenda kuitwika mitumba dhambi zote. Kiwanda cha Urafiki pale Ubungo, Dar es Salaam, kilichofunguliwa mwaka 1968 kwa msaada wa China, hakikuchoka kwa sababu moja. Kicomi ya Kisumu haikufungwa kwa sababu moja. Rivatex ya Eldoret, iliyoanzishwa katika miaka ya 1970, ikaporomoka, kisha ikanunuliwa na Chuo Kikuu cha Moi mwaka 2007, ina historia ndefu ya umeme ghali, mashine zilizozeeka na usimamizi mbovu. Rushwa yetu wenyewe imo. Vitenge vya bei rahisi kutoka Asia vimo. Lakini vimo pia masharti ya mikopo ya miaka ya 1980 na 1990, wakati Shirika la Fedha la Kimataifa na Benki ya Dunia walipozitaka serikali zetu zifungue milango ya biashara upesi, na mitumba, ambayo hapo awali ilibanwa, ikaingia kwa meli. Mchumi Garth Frazer alichapisha utafiti mwaka 2008 ulioonyesha kwamba uingizaji wa nguo zilizotumika unaeleza karibu asilimia 40 ya kuporomoka kwa uzalishaji wa nguo barani Afrika kati ya mwaka 1981 na 2000, na karibu asilimia 50 ya ajira zilizopotea. Asilimia 40 si zote, lakini hakuna anayeweza kuiita ndogo.

Mwenye kutilia shaka kwamba kuna mtumaji, na kwamba mtumaji ana nguvu, na arudi kwenye yaliyotokea kati ya mwaka 2016 na 2018. Mimi naiona habari hii kuwa muhimu kuliko filamu yoyote.

Machi 2016, wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walikutana Arusha na kuelekeza kwamba mitumba ipunguzwe hatua kwa hatua katika miaka mitatu ili viwanda vya nguo na ngozi vya kanda vipate nafasi ya kupumua. Ulikuwa uamuzi wa nchi huru juu ya bidhaa ziingiazo kwao. Rwanda ilikuwa ya kwanza kutenda: mwaka huohuo ushuru wa mitumba ukapanda kutoka dola 0.20 kwa kilo hadi dola 2.50. Mwaka uliofuata, chama cha wafanyabiashara wa nguo kuukuu wa Marekani, kinachojulikana kwa kifupi kama SMART, kilipeleka malalamiko serikalini kwao. Kilidai kwamba hatua ya Afrika Mashariki ingehatarisha ajira 40,000 za Wamarekani, na kuomba nchi zetu zichunguzwe kama bado zinastahili kunufaika na AGOA, sheria ya mwaka 2000 iliyoruhusu bidhaa za Afrika kuingia Marekani bila ushuru.

Kenya, yenye viwanda vya nguo vya Athi River na kwingineko vinavyoshonea soko la Marekani, ilijitoa mapema. Tanzania na Uganda nazo zikalegeza msimamo. Rwanda ikabaki peke yake, ikasema haitarudi nyuma. Julai 2018 serikali ya Donald Trump ikasimamisha haki ya Rwanda ya kuuza mavazi Marekani bila ushuru. Mauzo yaliyoguswa yalikuwa ya thamani ya takriban dola milioni 1.5 kwa mwaka.

Hebu tuitazame namba hiyo. Dola milioni 1.5 hazitikisi uchumi wa Marekani hata kidogo. Adhabu ile haikuwa na faida ya kibiashara kwa aliyeitoa. Ilikuwa ni funzo kwa majirani waliokuwa wakitazama. Taifa tajiri kuliko yote duniani lilisimama na kusema kwamba nchi ndogo isiyo na bandari haina ruhusa ya kukataa nguo zilizovaliwa na wengine. Kila anaposimama mtaalamu na kutuambia mitumba ni chaguo letu wenyewe, ni soko tu, namrudisha kwenye mwaka 2018. Kitu usichoruhusiwa kukikataa hakiwezi kuitwa chaguo lako.

Nimewasikia watu wakiuliza, basi sanaa inasaidia nini hapo? Nguo zilikaa siku 100 kwenye bustani, watu wakapiga picha, maonyesho yakafungwa. Ni swali la haki, na halijibiwi kwa kusema tu kuwa sanaa huelimisha. Jibu langu ni kwamba mkataba wa biashara hauna sura. AGOA haina harufu wala uzito, ni kurasa. Ushuru wa dola 2.50 kwa kilo ni mstari kwenye jedwali. Uonevu ukikaa kwenye majedwali unazoeleka, na wanaofaidika nao wanaweza kuishi maisha yao yote bila kuuona. Sanaa ya namna hii inaupa mwili, tena kwa kiwango ambacho macho hayawezi kukikwepa, na inausimamisha kwenye ardhi ya anayehusika.

The Nest Collective hawakuwa wa kwanza kufanya hivyo mjini Kassel. Miaka mitano kabla yao, katika documenta ya mwaka 2017, Ibrahim Mahama wa Ghana alifunika majengo mawili ya kale ya lango la mji, yaitwayo Torwache, kwa magunia ya juti yaliyoshonwa pamoja kuanzia paani hadi chini. Mahama alizaliwa Tamale mwaka 1987, na magunia ndiyo lugha yake. Hushonwa Asia, huagizwa Ghana kubebea kakao ya kusafirisha nje; kakao ikiisha hubeba mchele na mtama, na mwisho kabisa mkaa. Yanakuja yamechanika, yananuka, yameandikwa majina na alama za waliowahi kuyamiliki. Katika jua la Ulaya yalionekana kama ngozi kuukuu iliyovalishwa mawe. Mahama alichukua kile kinachobeba mali yetu kwenda nje. The Nest Collective walichukua kile kinachobeba mabaki ya wenzetu kuja ndani. Ukizitazama kazi hizo mbili pamoja, unapata kitabu kizima cha hesabu za biashara kati ya Afrika na Ulaya: kakao nzuri inaondoka katika gunia, shati lililochoka linaingia katika robota, na katika pande zote mbili bei inapangwa na mtu mmoja.

Mji wenyewe nao unafaa kwa hesabu hizo. Watawala wa Hessen-Kassel walijulikana Ulaya nzima kwa kukodisha askari. Uingereza ilipopigana na makoloni yake ya Amerika kati ya mwaka 1775 na 1783, ilikodi askari wa Kijerumani wapatao 30,000, na zaidi ya nusu walitoka Hessen-Kassel. Vijana wa vijijini walipelekwa kufa kwenye vita visivyowahusu, pesa zikaingia kwenye hazina ya mtawala. Mwaka 1779, vita vikiendelea, likafunguliwa jumba la Fridericianum, moja ya makumbusho ya kwanza ya Ulaya yaliyojengwa ili umma uingie, na ambalo leo ndilo kitovu cha documenta. Miili ya maskini wa Hessen ilifanywa bidhaa kabla ya nguo za Hessen kuletwa kwetu. Nayasema haya kwa sababu hadithi ya robota si ya rangi ya ngozi peke yake. Ni hadithi ya walioko juu na jinsi wanavyohamisha gharama ya maisha yao kwenye migongo ya watu wasiowaona, iwe nyumbani kwao au ng'ambo.

Katika documenta hiyohiyo ya 2022 Nairobi ilikuwa na wawakilishi wengine. Wajukuu Art Project, kutoka mtaa wa mabanda wa Mukuru, waliugeuza mlango wa jumba la documenta Halle kuwa njia ya mabati yaliyoshika kutu, na mgeni akaingia ndani ya maonyesho makubwa ya Ulaya kwa mlango wa Mukuru. Walitunukiwa Tuzo ya Arnold Bode, iliyopewa jina la mwanzilishi wa documenta. Habari hiyo ilistahili kurasa za mbele kwetu, na haikuzipata.

Huko Ujerumani pia mengi hayakusikika. Siku chache baada ya ufunguzi iligunduliwa kwamba bango kubwa la kundi la Taring Padi la Indonesia lilikuwa na michoro ya kuwadhalilisha Wayahudi. Lilifunikwa, kisha likashushwa, na mwezi uliofuata mkurugenzi mkuu wa documenta akaondoka kazini. Michoro ile haikuwa na utetezi, na ghadhabu ya Wayahudi na Wajerumani ilikuwa ya haki. Lakini kuanzia hapo magazeti hayakuandika lingine. Zaidi ya watu 700,000 walifika Kassel kiangazi kile. Kwenye kurasa, nyumba ya marobota ilipata aya moja moja.

Kurudisha vitu vilikotoka halikuwa wazo jipya kwa wasanii hawa. Kabla ya Kassel walikuwa wameshiriki na kundi la SHIFT la Ulaya, Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya na makumbusho mawili ya Ujerumani, ya Köln na Frankfurt, katika mradi wa kuorodhesha vitu vya Kenya vilivyomo katika makumbusho ya nje. Walipata zaidi ya vitu 32,000 katika taasisi 30. Ngao, vigoda, mapambo, vitu vya ibada. Maonyesho yaliyotokana na kazi hiyo yalifunguliwa Nairobi mwaka 2021, na humo watazamaji waliwekewa makabati ya kioo yasiyo na kitu ndani, maana vitu vyenyewe viko ng'ambo. Sasa pima mizani. Kigoda cha babu kimefungiwa Ulaya na hakuna anayejua kitarudi lini. Suruali iliyopasuka ya Ulaya inafika Mombasa kila wiki. Kurudisha kigoda kunahitaji kamati, wanasheria na miaka. Kuleta suruali kunahitaji kontena tu. Sijaona mahali pengine ambapo jambo hili limesemwa waziwazi namna hiyo na watu wale wale, kwa kazi mbili zinazofuatana.

Kuna upande ambao haifai kuukwepa. Mitumba imesomesha watoto. Imewavika watu ambao nguo mpya ingewapita kabisa, na imewapa kazi wauzaji, mahamali, wapiga pasi na mafundi cherehani wanaobana, kupunguza na kugeuza koti moja kuwa mawili. Kenya ilipofunga uingizaji kwa hofu ya korona kuanzia Machi hadi Agosti 2020, masoko yalikauka na familia nyingi zikalala njaa. Rais Museveni alipotangaza huko Mbale, Agosti 2023, kwamba mitumba imepigwa marufuku Uganda na kwamba ni nguo za wafu, wachuuzi wa soko la Owino waliuliza swali ambalo hakuna waziri aliyelijibu: na sisi tule nini? Kupiga marufuku bila kuandaa kiwanda, pamba na mkopo ni kumwadhibu yule yule aliyelinunua robota limefungwa. Mimi siwezi kuwa upande huo.

Ndiyo maana macho yangu sasa yako Ulaya, kwenye sheria zinazobadilika bila watu wetu kuzifuatilia. Tangu Januari 2025 kila nchi ya Umoja wa Ulaya inatakiwa kukusanya nguo kuukuu kando na taka nyingine. Maana yake ni kwamba nguo zitakazokusanywa zitaongezeka, na zitatafuta pa kwenda. Mwaka huohuo Bunge la Ulaya lilipitisha sheria inayozitaka nchi wanachama ziweke utaratibu wa kuwatoza watengenezaji na wauzaji wa nguo gharama ya kuzikusanya, kuzichambua na kuzichakata baada ya kuchakaa. Ufaransa imekuwa na tozo ya namna hiyo kwa miaka mingi. Kila fulana mpya inapouzwa, senti kadhaa hutengwa kwa ajili ya mwisho wake.

Tatizo ni kwamba mwisho wa fulana nyingi uko katika masoko ya Gikomba, Ilala ya Dar es Salaam, Owino na Kantamanto, na senti zile hubaki Ulaya. Wanaolipia kuzoa na kuzika ni mamlaka za jiji la Nairobi au Accra, kwa kodi za watu ambao hawakuinunua nguo ikiwa mpya. Mei 2023 wauzaji wa Kantamanto, soko kubwa la mitumba la Accra, walisafiri hadi Brussels wakiwa na The Or Foundation, shirika linalofanya kazi nao, na kudai kwamba tozo iifuate nguo hadi inakofia. Hawakuomba mitumba isimamishwe. Walidai walipwe kwa kazi ya kusafisha wanayoifanya bure, na taka zisihesabiwe kuwa bidhaa. Mwanzoni mwa Januari 2025 moto uliteketeza sehemu kubwa ya soko lao.

Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zina mabalozi Brussels. Zina wizara za biashara na za mazingira katika kila mji mkuu, na zina kumbukumbu za forodha zinazoonyesha kila kontena lililoshuka, kutoka bandari gani na kwa kilo ngapi. Nchi za Umoja wa Ulaya zimepewa muda wa miezi 30 kuweka utaratibu wa tozo, na katika muda huo kila nchi itaamua kama pesa inaweza kuvuka bahari kama nguo inavyovuka. Wauzaji wa Gikomba na Ilala wanastahili kuwamo katika chumba cha maamuzi hayo, pamoja na wasanii waliokwisha kuonyesha njia, na wakiwa na hesabu mkononi ya kila fagia waliyoilipia kwa bei ya kamera.